Kila Mtu Karatasi Moja

Marieta mke wangu alikufa mchana, barabarani, tumbo likiwa tupu, na mimi ndiye niliyekuwa nalilinda liwe tupu. Nasema mapema ili mtu asije akasoma mpaka katikati ndipo ashtuke. Lakini nitawasema pia walionipa kazi hiyo, maana wao wako salama, wanakula na kushiba, na hakuna aliyewauliza kitu mpaka leo.

Jina langu ni Margwe. Nalima mahindi na maharage huku Maretadu. Shule niliishia darasa la nne. Kusoma najua, ila polepole, kwa kidole.

Marieta alipoanza kukojoa sana na kukonda tulimpeleka hospitali, wakampima, wakasema ni sukari. Wakampa vidonge, kimoja asubuhi kimoja jioni. Nikamwuliza nesi habari ya chakula. Akasema, "Mtafundishwa, baba. Kuna mradi unapita vijijini."

Kweli ukapita. Walikuja na gari jeupe, mwezi wa sita, ukungu ukiwa bado haujaondoka milimani. Bwana lishe alikuwa kijana wa mjini, shati limepigwa pasi, anaangalia viatu vyake kila akikanyaga tope. Akasimama mbele ya ofisi ya kijiji akasema wenye sukari na presha wapite mbele. Walipita saba. Wakapandishwa kwenye mzani mmoja mmoja, na kilo zao zikasomwa kwa sauti kama za magunia ya mahindi. Marieta alikuwa mwanamke wa mwili. Alikuwa ameshakonda, lakini mwili ulikuwa bado upo.

"Themanini na moja!" akasoma bwana lishe. "Mama, unakula nini huko nyumbani?"

"Chakula," akajibu Marieta.

Watu wakacheka.

"Chakula gani?"

"Ugali na maziwa. Na viazi vikiwepo."

"Na jioni?"

"Huo huo ugali, baba. Kwani kwenu mnakula nini?"

Hapo watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, lakini safari hii walimcheka yeye bwana lishe, na hakupenda. Akangoja wanyamaze. Akasema, "Mmemwona huyu? Huu ugonjwa unaingilia mdomoni. Mtu akishindwa kuufunga mdomo wake asije kuilaumu hospitali. Huu ni ulafi, tuuite kwa jina lake."

Kicheko kikakatika. Marieta akashuka kwenye mzani, akavuta shuka yake mpaka kidevuni kama mtu anayesikia baridi. Tangu siku ile sikumwona tena akipeleka tonge mdomoni bila kwanza kuangalia nani anamwangalia.

Halafu zikatolewa karatasi. Zilikuwa mbilimbili, zimebanwa kwa pini kwenye pembe. Hazikutosha. Watu tulikuwa wengi, maana hata wasioumwa walikuja, na kila mmoja alitaka yake. Huku kwetu kitu kikigawiwa halafu kikamruka mtu, ule ugomvi unakaa miaka. Iwe mbegu, iwe chandarua, iwe peremende. Foleni ikaanza kusukumana. Mwenyekiti wetu Evarist akainua mkono akasema, "Kila mtu karatasi moja! Hapa hakuna atakayetoka mikono mitupu!" Akakaa kwenye kiti, akawa anabandua pini kwa ukucha, moja baada ya nyingine, na kugawa.

Bwana lishe aliona. Naapa aliona. Alikuwa ameshapanda gari, kioo kiko chini, injini inanguruma, ana mkutano mwingine Dongobesh. Akatazama ule ukucha wa Evarist, akatupungia mkono, wakaondoka.

Mimi nilipata yenye muhuri. Nilifurahi, maana niliona wengine zao hazina. Juu iliandikwa TAHADHARI kwa herufi nene, chini yake picha: ugali, viazi, wali, ndizi, maziwa, asali, mafuta, chupa ya soda. Kila picha ilikuwa na alama nyekundu ya kukata, kama mwalimu anavyokosoa hesabu. Chini kabisa ndiyo muhuri, wa bluu, wa duara. Nikaibandika ukutani kwa uji wa unga, pale juu ya mafiga, ili yeyote anayepika aione.

Tangu siku hiyo nikawa askari. Ufunguo wa stoo ya unga niliufunga kwenye mshipi wangu. Marieta alinipikia mimi ugali, akaniwekea, akakaa pembeni na sahani yake ya mnafu uliochemshwa na maharage ya kuhesabu. Wakati mwingine alisema, "Kidogo tu, Baba Violeth. Cha kupangusia mchuzi."

"Muhuri umekataa," nilimjibu.

"Muhuri unalima?"

"Marieta, nataka upone."

Akarudi kwenye sahani yake. Nami nilikuwa kweli nataka apone. Hilo Mungu analijua. Sikumnyima kwa ubaya. Lakini tumbo linaloungua kwa njaa halijui kama umelinyima kwa ubaya au kwa upendo.

Aliona aibu ya kula mpaka akaipeleka kanisani. Kwaresma ile alitoka kwenye kitubio amevimba macho. Nikamwuliza umeungama nini kikubwa hivyo. Akasema, "Kiazi." Alikuta kiazi kitamu kimebaki kwenye majivu akakila kikiwa cha moto, amejificha nyuma ya zizi. Mimi, mjinga, nikamwambia umefanya vizuri kuungama.

Palibaki tatizo la maziwa. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Kipaji, mwenye doa jeupe usoni. Huyu hakuwa wangu. Marieta alipewa na baba yake alipoolewa, yaani alipewa bibi yake Kipaji, na uzao ukaendelea. Nikaona maziwa yakiwa ndani ya nyumba yatamshinda. Kwetu mtu anaweza kumweka ng'ombe wake kwa jirani hata miaka kumi: anayemfuga anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na ng'ombe harudishwi hovyo kama kikombe cha chumvi. Nikamswaga Kipaji mpaka kwa Konsolata, mjane wa upande wa pili wa korongo.

"Unanitolea ng'ombe wangu nyumbani?" akauliza Marieta.

"Nakutolea kishawishi."

Hakubishana. Alichosema ni kwamba atakuwa anakwenda kumsalimia. Kutembea hakukuwa na alama nyekundu, nikakubali. Kila siku asubuhi, kazi za nyumbani zikiisha, alivuka korongo kwenda kumsalimia Kipaji, akarudi saa sita uso umelainika. Nilimsifia hata kwa watu: mke wangu anafanya mazoezi.

"Kipaji hajambo?" nilimwuliza akirudi.

"Hajambo. Anakusalimia," alisema, akacheka peke yake.

Nami nikacheka, nikidhani tunacheka kitu kimoja.

Konsolata alikuja kwangu mara moja tu kwa jambo hili. Alikuta napukuchua mahindi. Alikuwa ameshika karatasi imekunjwa. "Shemeji," akasema, "hii niliyopata mimi siku ile inasema vingine. Binti yangu amenisomea. Inasema mgonjwa ale."

"Ina muhuri?"

Akaigeuza huku na huku. "Haina, lakini..."

"Basi hiyo ni ya kufungia chumvi. Yangu ina muhuri."

Akaondoka. Hakurudi tena na habari hiyo, na mimi sikuitaka.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, siku ya Jumanne, Marieta aliamka amechoka. Akaomba kiporo cha ugali kilichobaki kwenye sufuria. Nikamwambia asubiri mboga ya mchana. Nikampa kidonge chake kwa mkono wangu na maji, maana dawa sikuwahi kuisahau hata siku moja. Kwa hilo nilikuwa hodari. Akatoka kwenda kwa ng'ombe. Haikupita saa mbili wakaja kuniita. Alikuwa amekaa kando ya barabara, karibu na duka la Zulfa, jasho linamtiririka kwenye ile baridi, mikono inatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka kama mlevi. Watu wamemzunguka.

Zulfa alikuwa ameinama na soda imeshafunguliwa. "Baba Violeth, mshike kichwa nimnyweshe. Mama yangu alikuwa na sukari, namjua mtu wa hali hii."

Nikaipiga ile chupa kwa kiganja. Ikaruka, ikamwagika kwenye changarawe, povu likatoka. "Mnataka kumuua?" nikapiga kelele. "Ana sukari huyu! Sukari imempanda, mnamwongeza nyingine?"

Hakuna aliyethubutu tena. Tuliita bodaboda, tukambana katikati ya watu wawili. Kabla hatujafika kilima cha pili alikuwa amekwisha.

Wakati wa msiba watu walinishika mkono. "Ulijitahidi, Margwe. Ulimlinda sana." Nikawaamini. Mtu akikusifia kwenye msiba unashika sifa hiyo kama fimbo ya kutembelea. Hata hivyo kuna kitu tumbo langu lilikijua kabla yangu. Baada ya mazishi sikuweza kunywa maziwa. Ugali nilikula nimesimama, mlangoni, tonge nne tano, basi. Zamani mwenye msiba kwetu alitengwa, hakula chombo kimoja na watu mpaka siku zake ziishe. Dini imepunguza mambo hayo. Mimi nilijitenga mwenyewe na siku zangu hazikuisha.

Ikapita miaka miwili. Mwaka jana, baada ya mavuno, binti yetu Violeth akarudi kutoka Babati alikokuwa anashona nguo. Ndiye mtoto wetu pekee aliye hai. Alishuka kwenye basi na cherehani na begi, mashavu yameingia ndani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umekuwa hivi?"

Akatazama chini. "Nimepimwa. Ni ule wa mama."

Nilibeba cherehani ile kichwani mpaka nyumbani. Nilikuwa nimebakiwa na huyu mmoja. Nikajiapia kwamba huyu hatanifia. Nikapangusa moshi kwenye karatasi iliyokuwa bado ukutani, nikamwonyesha alama moja moja kwa kidole. Nikafunga tena ufunguo kwenye mshipi.

Violeth hakubishana. Alikuwa amemwona mama yake akila kwa aibu, alijua sheria za nyumba. Alikula akiangalia mlango. Akila nusu ya kiazi anasema, "Nisamehe baba, nimekula," kama mtu aliyevunja sahani. Usiku hakulala vizuri, asubuhi vidole vinatetemeka mpaka uzi haupiti kwenye tundu la sindano. Mimi nikaona ugonjwa unapanda, nikapunguza maharage.

Siku moja akaniambia, "Baba, naomba niwe nakwenda kumsalimia ng'ombe wa mama."

Nikafurahi. Nikasema, nenda, mama yako pia alikuwa anakwenda.

Akaanza kwenda kila siku. Mikono ikatulia. Rangi ikarudi. Nikajisemea: unaona? Muhuri unafanya kazi.

Mwezi wa saba baridi yetu si ya mchezo. Asubuhi moja akatoka bila sweta, nikaona nimpelekee. Nikavuka korongo. Nilipofika uani kwa Konsolata nikasikia kicheko ndani, na kijiko kinagonga bakuli. Nikasikia sauti ya Konsolata ikisema, "Kula kwanza. Kidonge kitakusubiri, hakina miguu. Kula, mwanangu, hapa hakuna mzani."

Nikasukuma mlango.

Violeth alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake ugali kidogo, mboga nyingi, maharage, na kikombe cha maziwa mkononi. Aliponiona, kikombe kilimwagika magotini. Akajifuta mdomo kwa mkono wa gauni haraka haraka. "Nisamehe baba."

Lakini mimi nilikuwa naangalia kikombe. Kikombe cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni. Kikombe cha Marieta. Nilikitafuta baada ya msiba kila kona ya nyumba, nikamshuku hata shangazi yake kwamba amekichukua.

"Hiki kimefikaje hapa?"

Konsolata hakusimama. "Alikileta mwenyewe. Alisema maziwa ya Kipaji kwenye kikombe cha mtu mwingine hayana ladha."

"Nani?"

"Shemeji, unajua nani."

Nilijua. Ila nilitaka anitajie, ili nipate pa kumpiga kwa maneno. "Kwa hiyo mlikuwa mnamlisha hapa! Mke wangu! Mimi nahangaika kule, nyinyi mnamlisha sumu hapa! Wewe ndiye uliyemuua, Konsolata!"

"Kaa chini."

"Sikai!"

"Basi simama, wewe si umezoea kula umesimama. Nikwambie? Mara ya kwanza alikuja hapa amelowa jasho, hawezi hata kutaja jina la ng'ombe wake. Nikampa maziwa nimetia asali. Robo saa akawa mtu, ananitania kwamba nyumba yangu inavuja. Kuanzia hapo nilimwambia aje kila siku. Alikuwa anakula kidogo kidogo, kwa kipimo, kama ilivyoandikwa. Mwaka mzima, shemeji. Unafikiri aliishi mwaka mzima kwa mnafu wako?"

"Imeandikwa wapi?"

Akaonyesha ukutani, juu ya mafiga. Ilikuwa imebandikwa kwa uji wa unga, kama yangu. Karatasi haina muhuri. Lakini pembeni juu ilikuwa na matundu mawili madogo ya pini, na mimi nayajua matundu hayo. Yangu inayo, pembe ile ile.

Nikasogea. Nikaweka kidole. Nilisoma polepole, kwa sauti, sijui kusoma kimoyomoyo, na wale wanawake wawili wakanisikiliza kama watoto wanaosikiliza somo.

"Vyakula vyenye alama nyekundu ukurasa wa kwanza havikukatazwa. Vinapimwa. Ugali, kiasi cha ngumi ya mgonjwa. Mboga za majani, nusu ya sahani. Maziwa, kikombe kimoja. Mgonjwa ale mara tatu kwa siku, kwa saa zile zile. Asimeze dawa kabla ya kula."

Hapo niliona umebaki mstari mmoja. Sikutaka kuusoma. Kidole kilikwenda chenyewe.

"Mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho, akichanganyikiwa, sukari imeshuka. Apewe haraka kitu kitamu, kama soda, kisha apelekwe hospitali."

Nikaiona chupa ya Zulfa ikizunguka kwenye changarawe. Nikaliona lile povu.

Violeth akasema taratibu, "Baba."

Nikamwuliza Konsolata, "Siku ile ulikuwa wapi?"

Akakichukua kile kikombe. "Gehandu. Nilikwenda kumzika shemeji yangu. Niliondoka alfajiri, nikasahau kumwambia jana yake. Alikuta mlango umefungwa." Akapangusa pua kwa upande wa kiganja. "Ng'ombe alikuwa zizini, lakini mkono ulikuwa umeshaanza kutetemeka, angekamuaje?"

"Mbona hakuniambia? Mwaka mzima ananiambia Kipaji ananisalimia! Mke niliyeishi naye miaka thelathini!"

"Alikuogopa."

"Mimi? Nilimpiga lini?"

"Hukumpiga. Alisema ukishika ule ufunguo unakuwa na sura ya bwana lishe."

Nikatoka nje. Kipaji alikuwa amesimama uani anatafuna mabua. Nikamwita kwa jina. Hakugeuka, alikuwa amenisahau. Nikasimama pale na sweta la binti yangu mkononi, na sikujua nimchukie nani kwanza.

Niliamua kuanza na Evarist. Nilimkuta anatengeneza uzio. Nikamwekea karatasi zote mbili mbele ya macho, maana ya Konsolata niliiomba na yangu nilikwenda kuibandua, ikatoka na udongo wa ukuta.

"Mwenyekiti, hizi zilikuwa kitu kimoja."

Akazitazama, akazirudisha. "Zilikuwa."

"Ukazitenganisha."

"Niliwagawia watu kwa haki."

"Haki! Umempa huyu ugonjwa, ukampa yule dawa, unaita haki?"

Akaweka nyundo chini. "Margwe, nikuulize. Siku ile nani alisimama kwenye foleni akapiga kelele kwamba kama hapati karatasi leo hakuna mtu anatoka hapa? Nani alisema, 'Gawanya, mwenyekiti, hata moja moja'?"

Nikatazama uzio wake.

"Ulikuwa wewe," akasema. "Mke wako alikuwa anakuvuta koti, ameona aibu."

Lilikuwa kweli. Nilikuwa nimelisahau kabisa, na aliponitajia nikausikia mkono wa Marieta kwenye koti langu. Lakini hata hivyo sitamwachia. Mimi nilikuwa mtu wa kwenye foleni. Yeye ndiye aliyepewa kiti na muhuri wa kijiji. Mtu wa foleni anaruhusiwa kuwa mjinga. Aliyekaa kwenye kiti tulimchagua ili atuzuie ujinga wetu. Nilimwambia hivyo. Akaokota nyundo yake, akaendelea na uzio.

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka Mbulu mjini kuitafuta ofisi ya mradi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikaonyeshwa nyumba. Ndani kulikuwa na magodoro, yamepangwa mpaka juu. Kijana muuzaji akanikaribisha. "Shikamoo mzee, futi nne au futi sita?"

"Natafuta watu wa lishe."

"Aa, wale waliondoka zamani. Mradi uliisha."

"Uliisha vipi?"

"Si unajua miradi, mzee. Inaisha."

Nilimwuliza bwana lishe yuko wapi, akasema amesikia amepandishwa cheo, yuko mkoa mwingine. Amepandishwa. Labda kwenye ripoti yake iliandikwa kijiji chetu kilipokea mafunzo, watu wote walipata karatasi, na kweli tulipata. Nilisimama katikati ya magodoro yale na karatasi mbili mkononi, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Kijana akaniambia nikitaka kukaa nikae tu, hailipiwi.

Nikarudi nyumbani. Ilikuwa saa nane mchana. Violeth alikuwa hajala; alinisubiri, amekaa kwenye kizingiti mikono katikati ya magoti, anaogopa nitakuja na sura gani. Nikafungua ufunguo kwenye mshipi, nikautundika kwenye msumari ukutani, pale ilipokuwa karatasi, penye alama nyeupe isiyo na moshi.

"Pika," nikamwambia.

"Nipike nini, baba?"

"Chakula."

Wakati anasonga ugali nilichukua sindano yake na uzi mweusi, nikaziunganisha zile karatasi kupitia matundu yale yale ya pini. Mkono wangu si wa kushona. Nilijichoma mara mbili. Violeth alicheka kidogo, akanyamaza, akaniangalia kama nimekasirika, akaona sijakasirika, akacheka tena.

Konsolata alifika akiwa na kibuyu cha maziwa na kile kikombe cha bluu. Hakubisha hodi. Kumhusu Kipaji hatukuzungumza. Ng'ombe atabaki kwake, nimeshamwondoa mara moja kwa ujinga, sitaki ujinga wa pili. Akakaa, akamimina maziwa.

Ugali ukapakuliwa. Violeth akakunja ngumi, akaiweka kando ya ugali kupima, kisha akakata kipande cha kiasi hicho. Alipomaliza akaniangalia. Tonge lilikuwa vidoleni, halipandi. Nilijua anasubiri nini. Mama yake alilisubiri neno hilo mwaka mzima, akalifuata kwa jirani ng'ambo ya korongo.

"Kula, mwanangu," nikasema.

"Na wewe ukae, baba."

Nikakaa. Konsolata akanisogezea kikombe, upande uliobanduka rangi. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi wa kibuyu. Sikuyamaliza. Nilikunywa nusu, na yalishuka kwa shida kama kitu kilichoibiwa, ila yalishuka.

Sijamsamehe Evarist. Bwana lishe sitamsamehe hata akija na magari kumi. Marieta naye bado tunagombana, namwambia kaburini kwake kwamba mke hamfichi mumewe hivyo, na najua angenijibu nini. Ya kwangu mwenyewe sijaanza hata kuyagusa.

Vidonge vya Violeth vilikuwa mfukoni mwangu, nimevishika. Alikula mpaka akafuta sahani kwa tonge la mwisho, na hakuomba msamaha. Ndipo nikampa kimoja.